Zilipendwa na Zingali Zikipendwa: Nyimbo za Dansi za Miaka ya 1980 na Sikio la Soitsambu

Liko neno moja katika Kiswahili cha leo ambalo sarufi yake hushuhudia jambo moja na matumizi yake hushuhudia jingine. Neno hilo ni zilipendwa. Kwa kipimo cha sarufi, kitu kilichopendwa ni kitu ambacho mapenzi yake yamekwisha. Wakati umepita na mlango umefungwa. Lakini watu watajapo zilipendwa, maana yao ni nyimbo za dansi za zamani, hasa zile za miaka ya 1970 na 1980, na mara tu wamalizapo kuzitaja huomba zipigwe. Hakuna aombaye apewe kitu asichokitaka. Basi neno hilo limebeba ndani yake swali linalostahili jibu la historia. Kwa nini nyimbo zilizotungwa ili zichezwe usiku wa Jumamosi mjini Dar es Salaam zimedumu kwa miaka 40 na zaidi, hali nyimbo nyingi zilizokuja baada yake zimesahauliwa kabla ya kufika masika ya pili?

Wengi waliojaribu kulijibu swali hili wamesimama mjini, penye kumbi za dansi, wakatazama wachezaji. Si kosa kufanya hivyo, maana ngoma hutazamwa uwanjani. Lakini mchezaji wa ukumbini husaidiwa na mambo mengi kuupenda wimbo: taa, mavazi, kinywaji, macho ya wenziwe na joto la usiku. Akiulizwa kesho yake alipenda nini, hawezi kutenga wimbo na karamu. Yafaa, basi, shahidi mwingine atafutwe, naye ni yule aliyesikia bila kuona. Shahidi huyo alikuwako katika vijiji vyote vya Tanzania, na hapa ataulizwa aliye mbali sana na Dar es Salaam, yaani msikilizaji wa Soitsambu.

Soitsambu ni kata ya tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha. Iko upande wa kaskazini wa wilaya hiyo, karibu na mpaka wa Kenya, katika nyanda za juu ambako jioni huwa na baridi na wakazi wake wengi ni Wamasai wafugaji. Mji mdogo wa Wasso, wenye hospitali, na Loliondo yenyewe viko jirani. Kwa mwendo wa ndege, Nairobi ni karibu zaidi na mahali hapo kuliko Dar es Salaam. Njia ya kwenda Arusha hupita Sonjo na Ziwa Natron hata ikatokea Mto wa Mbu, nayo kwa miaka mingi ilikuwa safari ya kutwa nzima na pengine zaidi, hasa wakati wa mvua. Mtu wa huko hakuwa na ukumbi wa dansi wa kuendea. Kama alizijua bendi za Dar es Salaam, na alizijua, alizijua kwa sikio peke yake.

Sikio hilo lilikuwa limekwisha kuandaliwa. Katika nchi ya Wamasai serikali iliendesha Operesheni Imparnati kuanzia mwaka 1974, watu wakatakiwa kukaa katika vijiji vya kudumu vyenye shule, zahanati na duka. Wakati huohuo elimu ya watu wazima ilikuwa ikitolewa kwa redio. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ziliwakusanya wanakijiji nchini kote katika vikundi, redio ikawekwa katikati, kitabu kikafunguliwa, watu wakasikiliza pamoja kisha wakazungumza. Ya kwanza peke yake iliwafikia watu wapatao milioni 2. Kampeni zilipokwisha, vikundi vilivunjika, lakini desturi ya kukaa pamoja mbele ya redio ilibaki. Redio iliyofundisha kuchimba choo ndiyo hiyohiyo iliyopiga dansi jioni, na waliofundishwa kusikiliza kwa makini hawakuacha makini yao muziki ulipoanza.

Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo watu waliiita RTD, ilikuwa na asili ndefu. Ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikachukuliwa na serikali kwa jina lililojulikana na kizazi cha miaka ya 1980. Ilitangaza kwa masafa ya kati na masafa mafupi, na maumbile yenyewe yaliisaidia. Mchana tabaka la chini la anga la juu humeza mawimbi ya masafa ya kati, sauti isifike mbali. Jua likichwa tabaka hilo hutoweka, mawimbi hupanda mpaka tabaka la juu zaidi, yakarudishwa chini mamia ya maili kutoka mahali yalipotoka. Kwa hiyo saa ya mfugaji kurudisha ng'ombe zizini na kukaa penye moto ndiyo saa ambayo Dar es Salaam ilimkaribia. Pamoja nayo ilikaribia Nairobi, na habari yake itafuata.

Ni nani waliokuwa wakiimba? Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba bendi kubwa za miaka ile zilikuwa nyingi katika hizo mali ya vyombo vya umma. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu mwaka 1964, na chama kilipogeuzwa kuwa JUWATA bendi nayo ikaitwa Juwata Jazz, ambayo sasa ni Msondo Ngoma. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz, iliyovuma kwa sauti ya Hemed Maneti mpaka kifo chake mwaka 1990. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafirishaji na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Humo walikusanyika Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka, Cosmas Chidumule na mpiga gitaa Michael Enoch, mwalimu wa wapiga magitaa wengi. Nje ya vyombo hivyo alikuwako Marijani Rajabu na Dar International yake. Kutoka Kongo walikuja Orchestra Maquis, na mwaka 1978 akaja Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyekuwa baadaye kiongozi wa Super Matimila.

Wanamuziki wa bendi za umma walikuwa waajiriwa: walilipwa mshahara wa mwezi, na magitaa, matarumbeta na vipaza sauti vilikuwa mali ya mwajiri. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na mitindo miwili mikubwa, Msondo na Sikinde, ilitwaa majina ya ngoma za asili za pwani. Ushindani kati yao uliwagawa wapenzi kama mpira unavyowagawa wa Simba na wa Yanga. Mwimbaji akihama bendi, habari ilienea nchi nzima, kama ilivyokuwa mwaka 1985 Gurumo na wenziwe kadhaa walipotoka Mlimani Park wakaenda Orchestra Safari Sound.

Jambo la pili ni namna nyimbo zilivyorekodiwa. Nchi haikuwa na makampuni ya santuri yenye nguvu kama yale ya Nairobi. Mlango mkubwa wa kurekodi ulikuwa studio ya RTD. Bendi ilipeleka kwanza maneno ya wimbo yakaguliwe. Yakikubaliwa, bendi nzima iliingia studio, ikapiga pamoja, kanda ikazunguka. Ukaguzi huo ulikuwa na ubaya wake, kwani ulizuia mengine yaliyopasa kusemwa. Mambo kwa Soksi, wimbo wa Remmy Ongala uliohimiza matumizi ya kondomu wakati ukimwi ulipokuwa ukiua, ulikataliwa na redio ya taifa. Hata hivyo desturi hiyo ilileta tokeo ambalo pengine waliolianzisha hawakulifikiria. Maneno yalikuwa yakisomwa kama maandishi kabla ya kusikiwa kama muziki. Mtunzi alijua kwamba mtu wa kwanza kuuhukumu wimbo wake atakuwa na karatasi mkononi, wala hatakuwa na gitaa sikioni. Wimbo usiokuwa na habari ya kusema ulikuwa hatarini tangu mlangoni.

Kutokana na hayo ulikomaa muundo ambao msikilizaji wa zilipendwa huutambua mara moja. Sehemu ya kwanza ya wimbo huenda polepole. Magitaa ya solo na ya kati husukana, besi hutembea chini yake, na mwimbaji husimulia kisa: ndoa iliyoharibika, rafiki aliyesaliti, mzazi aliyeachwa kijijini, maskini aliyedharauliwa, kifo. Waitikiaji humjibu. Matarumbeta hutia nukta mwisho wa kila ubeti kama mwandishi atiavyo nukta mwisho wa sentensi. Kisha hufuata chemko, mwendo huongezeka, maneno hupungua, na kazi huachiwa miguu. Mchezaji wa ukumbini huingoja sehemu ya pili. Msikilizaji wa mbali hupewa kila kitu katika sehemu ya kwanza.

Ni rahisi kueleza kwa nini muundo huo haukuwa mgeni kwa Mmasai. Uimbaji wa Kimasai nao humtanguliza kiongozi mmoja, olaranyani, naye hutoa maneno na sifa na habari, na wenziwe humwitikia kwa sauti nzito za kooni. Wimbo kwao ni mahali pa kuweka taarifa: ng'ombe gani, safari gani, nani alifanya nini. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo akisikia sauti moja ikisimulia na nyingine zikiitikia, hahitaji kufundishwa afanye nini. Hutega sikio kwenye habari. Na habari hiyo ilikuwa katika Kiswahili, lugha ambayo wengi huko walikuwa wakijifunza shuleni, mnadani na katika ofisi. Kiswahili cha ofisini ni cha amri, na cha mnadani ni cha bei. Ni katika nyimbo ambapo mwanafunzi wa lugha alikutana na Kiswahili cha mtu aonaye haya, aombaye radhi, alalamikaye usiku. Lugha haingii moyoni mwa mtu mpaka imwoneshe namna ya kulia kwayo.

Yatazamwe pia majina ya nyimbo zenyewe. Mlimani Park walikuwa na Neema, Edita, Mume Wangu Jerry na Barua Toka kwa Mama. Dar International walikuwa na Zuwena, na Vijana Jazz Mary Maria. Karibu kila jina ni la mtu anayesemeshwa. Wimbo haukuwa tangazo kwa umma, bali ulikuwa kama barua iliyofunguliwa mbele ya watu. Taifa zima lilisoma barua ya nyumba moja, na kila nyumba ikajikuta imetajwa. Redio yenyewe iliikuza tabia hiyo kwa vipindi vyake vya salamu, ambamo wasikilizaji walituma kadi zenye majina ya ndugu na marafiki, na kwa Ugua Pole, kipindi cha kuwafariji wagonjwa waliolazwa hospitali. Jina la mtu wa kijijini likisomwa Dar es Salaam na wimbo ukapigwa baada yake, wimbo ule ulikuwa wake tangu siku hiyo. Mtu hawezi kusahau wimbo uliokuja na jina la mama yake.

Ama hali ya maisha, ilikuwa ngumu. Vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979 vilikula hazina ya nchi. Sukari, sabuni, nguo na mafuta vikaadimika. Mwaka 1983 ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, mwana wa Monduli, ambaye Wamasai walimwita wao. Tarehe 12 Aprili 1984 alikufa kwa ajali ya gari karibu na Morogoro, na redio ndiyo iliyoipeleka habari hiyo ya msiba kwenye maboma yasiyokuwa na simu wala gazeti. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere alistaafu urais. Katika miaka hiyo ya dhiki betri za redio zilikuwa kitu cha kutunzwa. Zilizochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya saa moja zaidi. Msikilizaji aliyejua kwamba betri yake ina saa moja aliigawa saa hiyo: kidogo kwa taarifa ya habari, kidogo kwa salamu, kidogo kwa muziki. Kitu kilichonunuliwa kwa kipimo hicho hakisikilizwi kwa sikio moja.

Hapo ndipo ifikapo habari ya Nairobi. Mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, nao ukakaa umefungwa mpaka mwishoni mwa 1983. Kwa watu wa Soitsambu, wenye ndugu, malisho na masoko ng'ambo ya pili, kufungwa huko kulikuwa pigo la karibu. Lakini mpaka wa nchi haufungi anga. Sauti ya Kenya ilivuka usiku pasipo kibali, na mara nyingi iliyovuka nayo ilikuwa sauti ya Watanzania. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliopata kupiga muziki Arusha, walihamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaimarisha Simba Wanyika. Mwaka 1978 wenzao wakajitenga wakaunda Les Wanyika, ambao Sina Makosa yao ya mwaka 1979 ilitia muhuri wa mwongo uliofuata. Basi mfugaji alikaa upande wa Tanzania, akasikiliza kituo cha Kenya, akafurahishwa na Mtanzania aliyekwenda Nairobi kwa sababu huko kulikuwa na viwanda vya santuri. Serikali mbili zilikuwa hazisemezani, na wimbo mmoja ulikuwa ukizisemea zote mbili.

Si haki kusema kwamba hewa ile ilikuwa ya dansi peke yake. Miaka ya 1980 ulimwenguni kote ilikuwa miaka ya nyimbo zilizokataa kuzeeka. Mwaka 1981 Marekani ilianza kituo cha televisheni cha MTV, na tangu hapo wimbo wa Kimagharibi ukatakiwa kuonekana kama ulivyosikika. Mwaka 1982 Michael Jackson alitoa Thriller. Julai 1985 wanamuziki wakubwa wa roki na pop walikusanyika London na Philadelphia katika tamasha la Live Aid, kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Baadhi ya sauti hizo zilifika Afrika Mashariki. Idhaa ya Kiingereza ya Nairobi, kwa kipindi chake cha jioni cha Sundowner, ilizoeza masikio mengi kwa nyimbo taratibu za Kimagharibi, hata za wachunga ng'ombe wa Marekani, na huenda wachunga ng'ombe wa huku walizisikia pia. Nyimbo hizo nazo zingali zikipigwa duniani, na sababu mojawapo ni ileile: watu wengi walisikia jambo moja kwa wakati mmoja, wakaliweka kuwa kalenda ya maisha yao. Lakini Ulaya na Marekani ziliukabidhi wimbo wao kwa picha, na Tanzania bara, ambayo haikuwa na televisheni yake mpaka miaka ya 1990, iliukabidhi wimbo wake kwa neno. Picha ilimwonesha mtazamaji uso wa Michael Jackson. Uso wa Zuwena kila msikilizaji alijichorea mwenyewe, naye aghalabu alimchora mtu amjuaye.

Uko wimbo mmoja wa Kiswahili wa miaka hiyo uliopata umaarufu wa dunia kwa njia nyingine, nao wasikika hata leo katika hoteli za Karatu na kambi za Ngorongoro. Huo ni Jambo Bwana wa Them Mushrooms wa Kenya, uliotoka mwaka 1982 na ambao Boney M. waliuimba kwa namna yao mwaka uliofuata. Wahudumu huuimba mgeni aletewapo keki, wakabadili jina la nchi panapohitajika. Ni wimbo mchangamfu nao umewalisha wengi. Lakini kudumu kwake ni kwa namna yake. Ulitungwa kwa ajili ya mgeni, asemeshwe, akaribishwe, aondoke. Zilipendwa zilitungwa kwa ajili ya mwenyeji, naye haondoki. Wakati gari la watalii lipitapo likielekea Serengeti na wimbo wa mgeni, dukani penye kivuli mwenyeji aweza kuwa akisikiliza ule wa kwake.

Zimetolewa hoja mbili za kupinga sifa za nyimbo hizi, na zote mbili zastahili kujibiwa. Ya kwanza husema kwamba watu walizipenda kwa kukosa nyingine. Redio ilikuwa moja, na aliye na chakula cha namna moja hukisifu. Hoja hii ina nguvu kwa miaka ya 1980 yenyewe, lakini haina nguvu kwa miaka iliyofuata. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo vya watu binafsi, na tangu mwaka 1994, Radio One ilipoanza, vituo vikaongezeka mwaka hata mwaka. Msikilizaji akapewa meza yenye vyakula vyote. Jambo la kustaajabisha ni kwamba vituo vipya, vilivyotafuta wasikilizaji kwa ajili ya matangazo ya biashara, vilijitengea vipindi vya zilipendwa kwa hiari yao. Mfanyabiashara hatumii saa yake kwa kitu kisicho na mnunuzi.

Hoja ya pili husema kwamba mtu hupenda nyimbo za ujana wake, na kwamba waliokuwa vijana mwaka 1982 wanajililia wenyewe. Ni kweli kwamba kumbukumbu za ujana hushika kuliko nyingine. Lakini kama hiyo ndiyo sababu yote, mapenzi hayo yangezeeka pamoja na wenyewe. Leo katika arusi huonekana vijana waliozaliwa baada ya Hemed Maneti kufa wakiitikia Mary Maria. Mwaka 2017 wasanii wa kundi la Wasafi, walio mbele katika muziki wa kizazi kipya, walitoa wimbo wakauita Zilipendwa. Na mwaka 2009 mkusanyo wa nyimbo za Dar es Salaam za miaka ya 1978 hadi 1983 ulichapishwa Ufaransa katika mfululizo wa Zanzibara, ukanunuliwa na watu ambao ujana wao haukupita Kariakoo. Kilichokuwa kumbukumbu kwa mzee kimekuwa urithi kwa mjukuu, na urithi haumtaki mrithi awe alikuwako.

Lakini urithi una sheria zake, na hapa furaha ya mambo haya yaingia doa. Nyimbo zimeishi kuliko walivyoishi watunzi wake, na zimeishi vizuri kuliko wao. Mwaka 2013 Muhiddin Gurumo, baada ya kuimba kwa takriban miaka 50, alitangaza kustaafu, na taifa likasikia kwamba hajapata kumiliki gari. Mwanamuziki kijana, Diamond Platnumz, alimzawadia moja. Kilikuwa kitendo cha adabu, na mzee alikipokea kwa shukrani. Alifariki tarehe 13 Aprili 2014. Hata hivyo tendo jema la mtu mmoja lilifichua deni la wengi. Sauti iliyokuwa katika kila nyumba haikuwa imemjengea mwenyewe hata banda la kulazia gari. Deni hilo latokana na mpango uleule ulioelezwa hapo juu: mwimbaji alikuwa mwajiriwa, vyombo vilikuwa vya mwajiri, studio ilikuwa ya serikali, na malipo ya kurekodi yalikuwa ya mara moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuja nyimbo zikiwa zimekwisha kutoka mikononi. Ni vigumu kumgawia mtu shamba ambalo mipaka yake haikupandwa.

Sasa nyimbo hizo zafika Soitsambu kwa njia ambayo watunzi hawakuiota. Katika miji midogo kama Wasso, kama kwingineko nchini, nyimbo hunakiliwa katika vikadi vya kumbukumbu vidogo kuliko ukucha, na kikadi kimoja huchukua dansi zaidi ya aliyoweza kusikia mtu kwa mwaka mzima katika siku za betri za kuanikwa. Kijana mchungaji huenda malishoni na Sikinde mfukoni mwa shuka. Hakuna wa kumlaumu, maana hakuna aliyemwonesha dirisha la kulipia. Lakini katika mamia ya nyimbo alizonazo, chache tu zina jina sahihi la mtunzi. Nyingine zimeandikwa kwa tarakimu, nyingine kwa jina la bendi isiyokuwa yenyewe. Hivyo mwimbaji aliyekosa fedha akiwa hai hukosa jina akiwa amekufa, na hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa fedha huisha hata kwa aliyezipata.

Hatari nyingine iko kwenye chanzo. Kanda za RTD, ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, ndizo ushahidi wa kwanza wa muziki huu. Kanda ya sumaku ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi. Katika mji wa pwani wenye joto na unyevu gundi hiyo hunywa maji, hulainika, na utepe ukizungushwa hubanduka unga wake pamoja na sauti iliyomo. Mara nyingine usikilizaji mmoja wa pupa huwa ndio wa mwisho. Kazi ya kuzihamishia kanda katika kompyuta si ya fundi peke yake. Fundi aweza kuokoa sauti, lakini yatakiwa mtu akae na wazee waliosalia aulize: huu ni wa nani, aliupiga nani gitaa la solo, mwaka gani, kisa chake kilitokea wapi? Wazee hao hupungua kila mwaka. Marijani Rajabu alifariki 1995, Remmy Ongala 2010, Gurumo 2014, Shaaban Dede 2017. Kituo kimoja cha daladala Sinza chaitwa Kwa Remmy, na abiria wengi hushuka hapo bila kumjua Remmy.

Ushahidi wa Soitsambu una faida katika kazi hiyo pia. Aliyesikiliza kwa betri ya saa moja alihifadhi maneno kwa kichwa, kwa kuwa hakujua lini atausikia wimbo tena. Wazee wa namna hiyo wako nchi nzima, mpakani, visiwani na bara, nao wanaweza kusahihisha maneno ambayo kanda zimeyameza. Vyuo vikuu vyenye idara za Kiswahili vimekusanya tenzi, methali na ngano, na vimefanya vyema. Lakini mashairi ya dansi, yaliyosikiwa na watu wengi kuliko tenzi zote, kwa sehemu kubwa yangali yakingoja mkusanyaji wake. Siku mkusanyaji huyo atakapotoka na daftari lake, asianzie Kariakoo tu. Apande mpaka Loliondo, akae penye moto, amwombe mwenyeji amwimbie sehemu ya polepole, na aandike jina la mtunzi juu ya kila ukurasa.